Siku nane juu ya chemba za Tabora: harufu ya alfajiri, zege linaloliwa, na modeli ya kompyuta

Jumatatu. Kigoma hadi Tabora

Gari limepakiwa Kigoma saa 11 alfajiri. Kazi ni kupima haidrojeni salfaidi, gesi ya majitaka inayonuka na kusababisha zege la chemba kuliwa, na kuijengea modeli ya kompyuta. Chupa ya gesi ya kuhakiki sensa (haidrojeni salfaidi ya ppm 25, yaani sehemu 25 kwa milioni ya hewa) haipokelewi kwenye mizigo ya ndege ya abiria, kwa hiyo kazi hii husafiri kwa barabara: Uvinza, Malagarasi, Kaliua, Urambo, Tabora, zaidi ya kilomita 400. Chupa imefungwa wima kwa kamba, madirisha yakiwa wazi kidogo. Barafu ya sampuli inunuliwe Tabora. Ukiibeba tangu Kigoma mwezi wa Oktoba, unafika na ndoo ya maji.

Oktoba imechaguliwa makusudi. Ni mwezi wa joto kuliko yote Tabora na mvua bado haijaanza, hivyo majitaka ni mazito na yana joto. Modeli iliyopimwa Februari, mvua ikiwa imezimua kila kitu, itakudanganya kwamba hakuna tatizo.

Mfumo wenyewe ni mdogo. Kuna taasisi yenye mabweni pembezoni mwa mji, na shimo la pampu lenye kipenyo cha mita 1.5. Kutoka hapo linaanza bomba la plastiki la kusukumia, kipenyo cha ndani milimita 150, urefu mita 1,200, linaloishia kwenye chemba ya kupokelea. Baada ya hapo ni bomba la zege la milimita 200 linaloshuka kwa mteremko, chemba saba, hadi kwenye mabwawa. Jiji kubwa lina mamia ya vipande vya namna hii, na ugonjwa ni uleule.

Jumanne. Kufungua mifuniko

Hakuna anayeingia ndani ya chemba. Gesi hii ni nzito kidogo kuliko hewa na hutuama chini. Pua huinusa hata ikiwa chini ya ppm 1, lakini ikikaribia ppm 100 pua hufa ganzi: mtu anadhani harufu imeisha kumbe ndiyo imezidi. King'ora cha mkononi kimewekwa kwenye ppm 10. Mfuniko unainuliwa mtu akisimama upande upepo unakotokea, kipima gesi kinateremshwa kwa kamba, na dakika tano zinasubiriwa kabla ya kuinama kuchungulia.

Vinasa gesi viwili vimening'inizwa, kimoja chemba ya kupokelea, kingine chemba ya 3, kila kimoja mita moja juu ya maji, vikiandika kila baada ya dakika mbili. Usikifunge karibu na mdomo wa bomba. Maji yakikirukia, sensa inalowa na namba zinashuka zenyewe bila gesi kupungua.

Kisha karatasi ya pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali). Inaloweshwa kwa maji safi yaliyochujwa na kubandikwa kwenye ukuta wa zege juu ya maji, kwa fimbo ndefu yenye kibanio. Chemba ya kupokelea: kati ya 1 na 2. Chemba ya 3: 4. Chemba ya 6: 8. Zege jipya huwa 12 hadi 13, kwa hiyo hata ile 8 imeanza safari. Ukikwangua chemba ya kupokelea kwa bisibisi iliyofungwa kwenye fimbo, ukuta unatoka kama uji mweupe wa mahindi, laini, na kokoto zinabaki zimejitokeza kama meno. Uji huo ni jasi: chokaa ya saruji iliyokwisha kugeuzwa na asidi.

Asidi haitoki kwenye maji, na hapa ndipo mafundi wengi hupotea, wakipaka rangi ya kinga chini ya mstari wa maji. Gesi hupanda, hunata kwenye unyevu wa ukuta wa juu, na bakteria waishio hapo huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, ileile ya betri ya gari. C. D. Parker aliwatenga bakteria hao mwaka 1945 huko Melbourne. Ndiyo maana sehemu ya chini ya chemba hii, inayooshwa na majitaka saa zote, ni ngumu kama siku ilipomwagwa, ilhali paa lake linabomoka.

Jioni, kupima viwango. Simu ikionyesha mwinuko kwa GPS inaweza kukosea mita kadhaa, nasi tunatafuta tofauti ya sentimita. Leveli ikikosekana, mpira wa maji wa waashi unatosha: mita 20 za mpira mwembamba unaoonyesha ndani, bila povu la hewa. Chemba hadi chemba mteremko ni karibu 6 kwa 1,000, isipokuwa kati ya 4 na 5, ambako ni sentimita 5 tu katika mita 58. Hapo mchanga na karatasi vimelala.

Mama anayekaanga chapati chini ya mwembe, hatua kama 30 kutoka chemba ya kupokelea, ameulizwa harufu huja lini. "Inakuja na adhana ya alfajiri, wanangu. Jua likitoka, imekwisha." Imeandikwa kwenye daftari kama kipimo kingine chochote.

Jumatano. Shimo la pampu

Mtiririko ukikosewa, kila kinachofuata kimekosewa. Kipima mtiririko hakipo, na hakihitajiki. Shimo la kipenyo cha mita 1.5 lina eneo la mita za mraba 1.77. Pampu ikiwa imezimwa, maji yamepanda sentimita 10 kwa dakika 3: hiyo ni lita 0.98 kwa sekunde zinazoingia. Pampu ikiwaka, yameshuka sentimita 60 kwa dakika 3, lita 5.9 kwa sekunde. Kosa la kawaida ni kuishia hapo. Wakati pampu inatoa, maji yaliendelea kuingia, kwa hiyo uwezo wake ni 5.9 kujumlisha 0.98, yaani karibu lita 6.9.

Kwa kipenyo cha milimita 150, lita 6.9 zinakwenda mita 0.39 kwa sekunde. Ili bomba lijisafishe lenyewe inatakiwa angalau 0.6. Bomba ni pana mno kwa pampu hii. Nia ilikuwa njema bila shaka, kuachia nafasi ya kukua kwa taasisi, lakini majitaka hayapendi nafasi.

Ujazo wa bomba zima ni mita za ujazo 21.2. Saa ya pampu ikilinganishwa na muda wa mzunguko inatoa mita za ujazo 60 kwa siku. Gawanya: kwa wastani majitaka hukaa humo saa 8.5 bila kuonja hewa. Kila mzunguko wa dakika 3 unasukuma mita za ujazo 1.24, kwa hiyo kinachotoka sasa kiliingia mizunguko 17 iliyopita. Hesabu hiyo ya 17 ndiyo ufunguo wa kazi ya kesho: mtu mmoja akae kwenye pampu na saa, aandike kila inapowaka.

Alhamisi. Sampuli, na fomula tatu zinazogombana

Chupa ya salfaidi inatiwa matone ya zinki asetati kwanza, kisha inajazwa hadi mdomoni, kifuniko kikae bila hewa. Ukiijaza nusu na kuitikisa, gesi imeondoka na umepima kilichobaki. pH na joto hupimwa palepale. Sampuli ya COD (oksijeni inayohitajika kuunguza uchafu kwa kemikali) inatiwa asidi. Ile ya salfeti inachujwa na kuwekwa kwenye barafu.

Majitaka yanayoingia shimo la pampu: joto nyuzi 27, pH 7.2, BOD (oksijeni inayotumiwa na vijidudu kula uchafu) miligramu 300 kwa lita, COD 600, ambayo 250 imeyeyuka, salfeti 24.

Sasa bakteria wa ndani ya bomba. Wanaishi kwenye utando wa utelezi ukutani, na hewa ikiisha wanavuta oksijeni kutoka kwenye salfeti na kuacha salfaidi. Kasi yao huhesabiwa kwa kila mita ya mraba ya ukuta, kisha inazidishwa na 4 na kugawanywa kwa kipenyo. Kwa bomba hili kila mita ya ujazo ya maji inagusa mita za mraba 26.7 za ukuta.

Fomula ya Pomeroy na Parkhurst ya 1977 (0.001 mara BOD mara 1.07 kwa kipeo cha joto kutoa 20) inatoa miligramu 12.8 kwa lita kila saa. Ya Boon na Lister ya 1975, inayotumia 0.228 ya elfu moja mara COD kwa marekebisho yaleyale ya joto, inatoa 5.9. Ya Hvitved-Jacobsen wa Denmark, inayotumia kipeuo cha pili cha COD iliyoyeyuka ikitolewa 50, kigezo 0.0015 cha majitaka ya nyumbani na 1.03 kwa joto, inatoa 0.70. Majitaka ni yaleyale, bomba ni lilelile, na majibu yanapishana mara 18.

Ukizidisha kwa saa 8.5 unapata 109, 50 na 5.9. Mbili za kwanza haziwezekani hapa. Salfeti ina theluthi moja tu ya uzito wake katika salfa, kwa hiyo miligramu 24 haziwezi kuzaa zaidi ya 8 za salfaidi, hata bakteria wafanye kazi usiku na mchana. Fomula hizo hazina salfeti ndani yake kabisa. Ni makosa ya mtu anayezichukua nzimanzima bila kupima maji ya mji wake.

Salfeti hiyo hutoka wapi? Sehemu ni mkojo na sabuni. Sehemu nyingine yaweza kuwa bomba la maji safi lenyewe. Maji ya Ziwa Victoria yana salfeti kidogo sana, lakini penye bwawa lenye tope husafishwa kwa shabu, na shabu ni salfeti ya alumini. Miligramu 40 za shabu kwa lita zinaongeza karibu 19 za salfeti, yaani salfaidi hadi 6.3 kwenye bomba la majitaka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland walionyesha mwaka 2014 kwamba katika majitaka waliyochunguza Australia, karibu nusu ya salfeti ilitokana na shabu ya kusafishia maji ya kunywa. Kwa hiyo swali la kwanza la modeli linaulizwa kwa mtu wa mtambo wa maji safi: wiki hii mnaweka kiasi gani?

Upande wa pili wa bomba, sampuli tatu zimekingwa kwa kuhesabu mizunguko 17 nyuma. Maji yaliyokaa bombani saa 4: salfaidi 2.9. Yaliyokaa saa 7: 4.8. Yaliyokaa saa 10: 6.1, na salfeti imebaki 6. Fomula ya tatu inafaa, kigezo kikipandishwa hadi 0.0016 na kasi ikilegezwa salfeti inapokaribia kuisha. Namba hiyo moja, 0.0016, ndiyo iliyogharimu kilomita 400.

Kinasa cha chemba ya kupokelea kimefunguliwa kukaguliwa. Mchoro umepanda na kulala sawasawa kwenye 50, kama paa la bati. Sensa hiyo mwisho wake ni ppm 50. Imebadilishwa kwa ya 200. Siku mbili zimepotea, na kosa lilikuwa la kukwepeka kwa hesabu ya mstari mmoja: kwa pH 7.2, asilimia 39 ya salfaidi iko katika hali ya gesi, na kila miligramu moja ya gesi hiyo kwenye maji yenye nyuzi 25 ina uwezo wa kufikisha hewa juu yake ppm 290 usawa wa bahari. Tabora iko karibu mita 1,200 juu, hewa ni nyepesi, kwa hiyo ni kama 340. Chemba haifikii uwezo wote huo kwa sababu hewa inazunguka, lakini hata sehemu moja ya tano ya jumla kwa salfaidi 6 ni ppm 160.

Ijumaa. Kuijenga modeli

Programu ni SWMM, ya bure, ya shirika la mazingira la Marekani, yenye asili yake mwaka 1971. Inakokotoa kina na kasi ya maji kwenye kila bomba, salfaidi haiijui. Zipo zinazofanya yote, WATS iliyotokana na kazi ya Aalborg na SeweX ya Queensland, lakini kwa bomba moja na chemba saba, jedwali la kompyuta linalosoma matokeo ya SWMM linatosha.

Mambo matatu huharibu siku nzima. La kwanza, ukiifungua mara ya kwanza inahesabu mtiririko kwa futi za ujazo kwa sekunde. Ukiandika 6.9 ukidhani ni lita, umemwaga mto: kosa la mara 28. La pili, kimo kinachotakiwa ni cha sakafu ya bomba. Kimo cha mfuniko hakifai hapa, toa kina cha chemba kwanza. La tatu, hatua ya kuripoti ikiachwa dakika 15, mizunguko ya pampu ya dakika 3 haionekani kabisa na unaona mtiririko mwembamba wa uongo. Iwekwe sekunde 30.

Ukwaru wa Manning (namba ya jinsi ukuta unavyokwamisha maji) ni 0.013 kwa bomba la zege. Pampu ikiwaka, maji kwenye bomba la mteremko yana kina cha karibu sentimita 7 na kasi ya karibu mita 0.7 kwa sekunde, isipokuwa kile kipande cha 4 hadi 5. Hapo kasi inashuka chini ya nusu, na modeli inaonyesha mchanga pale ulipoonekana Jumanne.

Mlinganisho wa kwanza umetia aibu. Modeli inasema gesi inapanda karibu saa 11:20 alfajiri. Kinasa kinasema saa 8:20 usiku, wakati hakuna anayetumia maji. Nusu saa imetumika kutafuta uvujaji wa usiku. Daftari likafunguliwa: mama wa chapati alisema adhana. Saa ya kinasa ilikuwa kwenye saa ya dunia, nyuma ya Tanzania kwa saa tatu. Ikisogezwa, michoro miwili inalaliana.

Na sababu ya adhana iko wazi ukiitazama hesabu. Bomba la kusukumia limejaa muda wote. Ukisukuma lita moja huku, lita moja ya tangu jana jioni inatoka kule, saa hiyohiyo. Mabweni yakiamka na pampu ikawaka mara ya kwanza, kinacholetwa kwenye chemba ni maji yaliyokaa bombani saa 10. Jua likishatoka, maji machanga yameshayasukuma nje yale ya usiku.

Jumamosi

Sampuli za pili, saa zilezile. Hakuna jipya. Barafu imeisha saa 7 mchana.

Jumapili. Kujaribu tiba kwenye kompyuta kabla ya shamba

Kubadilisha bomba liwe la milimita 100. Kwa macho inavutia: ujazo unashuka hadi mita za ujazo 9.4, muda wa kukaa unatoka saa 8.5 hadi 3.8, kasi inapanda hadi 0.88. Lakini bomba jembamba lina ukuta mwingi kwa kila lita, 40 badala ya 26.7. Ukizidisha vyote viwili, salfaidi inapungua kwa uwiano wa kipenyo tu: theluthi moja. Na msuguano unaruka kutoka mita 1.6 hadi karibu 11.5, hivyo pampu iliyopo haitatoa tena lita 6.9. Tumeiacha.

Kuziba mifuniko kwa saruji. Kwenye mfumo huu chemba ya 2 ilishawahi kuzibwa. Gesi haipotei, inatafuta tundu lingine, na tundu hilo huwa choo ambacho maji ya mtego wake yamekauka. Tusiirudie.

Naitreti. Bakteria wakipata naitreti huiacha salfeti. Kila gramu ya salfaidi inahitaji gramu 0.7 za nitrojeni ya naitreti. Salfaidi miligramu 6 kwa lita, kwa mita za ujazo 60, ni gramu 360 kwa siku, hivyo 252 za nitrojeni. Uhalisia hudai mara mbili, tuseme 500. Mbolea ya kalsiamu naitreti ina asilimia 14.4 ya nitrojeni ya aina hiyo, kwa hiyo kilo 3.5 kwa siku. Mbolea ya CAN inayojulikana na kila mkulima wa tumbaku Tabora isitumike: nusu ya nitrojeni yake ni amonia, haisaidii bomba na inazidisha mzigo wa bwawa. Dozi itiwe zaidi jioni, saa 3 hadi 4 usiku, kwa ajili ya maji yatakayolala. Ukiigawa sawa kwa saa 24, nyingi itakwenda kwa maji ya mchana ambayo hayana shida.

Kiko cha plastiki. Bomba la kusukumia linamwaga maji kutoka kimo cha sentimita 70, na kila mporomoko ni kama kutikisa chupa ya soda. Likiongezwa kiko na kipande cha kushuka hadi chini ya usawa wa maji, modeli inaonyesha kilele cha chemba ya kupokelea kikishuka sana, na cha chemba ya 3 kikipanda kidogo. Gesi iliyobaki majini inaendelea na safari. Hivyo kiko peke yake ni kuhamisha tatizo. Kiko pamoja na naitreti ni tiba.

Jumatatu. Kutoa vinasa, na hesabu ya zege

Kilele cha wiki chemba ya kupokelea: ppm 158. Modeli: 171. Chemba ya 3 tofauti ni kubwa zaidi, modeli inazidisha, pengine kwa sababu mfuniko wake una ufa na hewa inaingia. Ufa huo umepimwa na kuandikwa, haukurekebishwa kwa kuchezea kigezo.

Zege: milimita zinazoliwa kwa mwaka ni 11.5, mara kigezo cha asidi inayofika (0.8 hapa), mara gesi inayonata ukutani kwa gramu kwa mita ya mraba kwa saa, gawanya kwa uwezo wa zege kuua asidi. Kwa gesi 0.05 na zege la kokoto za graniti, uwezo 0.2, jibu ni milimita 2.3. Chemba ina miaka tisa na bisibisi ilizama 19, sawa na 2.1 kwa mwaka. Tabora imekaa juu ya graniti, na kokoto za graniti hazipigani na asidi kabisa. Saruji inabaki peke yake vitani. Zege hilohilo kwa kokoto za mawe ya chokaa, uwezo 0.8, lingeliwa 0.6. Nondo zilifunikwa kwa milimita 25, kwa hiyo zimebaki 6: chini ya miaka mitatu.

Maagizo yaliyoachwa kwa fundi wa pampu yameandikwa kwa kalamu ya rangi ndani ya mlango wa kibanda. Kilo 3.5, ziyeyushwe kwenye ndoo mbili, zitiwe saa 3 usiku na saa 4. Karatasi ya pH ukutani kila mwezi, chemba ya kupokelea na ya 3. Kipande cha 4 hadi 5 kisafishwe kwa fito kabla ya mvua za Novemba. Siku mtambo wa maji safi utakapobadili dozi ya shabu, salfeti ipimwe upya wiki hiyohiyo. Na asubuhi baada ya kuanza dozi, kabla ya kutazama kinasa, aulizwe mama wa chapati.